Hesabu Siku Zako za Kichwa

Kwa miaka tisa kipandauso changu nilikiita malaria. Nilikuwa Tanga wakati huo. Kichwa kikianza kupwita upande wa kushoto, jicho likiuma kama linasukumwa kutoka ndani na tumbo likichafuka, nilijua pa kukimbilia: duka la dawa la mtaani. Sikuwa napimwa. Nilikuwa napewa dawa mseto ya malaria, nameza asubuhi na jioni kwa siku 3, na siku ya tatu kichwa kinatulia. Ningewezaje kuamini kwamba dawa haikufanya kazi? Nimechelewa sana kuiona hesabu iliyokuwa ikinidanganya. Dozi ya mseto ni ya siku 3. Shambulio la kipandauso lisipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72, yaani siku 3 zilezile. Kichwa kilikuwa kinaondoka kwa wakati wake, na sifa ikachukuliwa na dawa ya ugonjwa ambao sikuwa nao.

Nilipohamia Minneapolis, Minnesota, hapa Marekani, mbu nikawaacha nyuma lakini kichwa kikanifuata. Januari ya kwanza nilisimama kituo cha basi Cedar Avenue, saa 3 asubuhi, jua limeipiga theluji. Mwanga ule ukaniingia machoni kama sindano, nikatapika pembeni ya kituo mbele za watu. Waliokuwepo wakanionea huruma. Mama mmoja akaniambia, “Pole mwanangu, hiyo ni presha, kapime.” Nikapima, presha ilikuwa sawa. Nyumbani kila kichwa ni malaria, huku kila kichwa ni presha, na ukweli ni kwamba presha mara nyingi hupanda kimyakimya bila kuuma popote. Mpaka iwe juu sana ndipo kichwa kinauma. Ndiyo maana presha ipimwe hata usipoumwa, na ndiyo maana kichwa chenyewe kitafutiwe jina lake.

Jina hilo nililipata kwa maswali matatu, na nawapa kama nilivyopewa. Katika miezi 3 iliyopita, je, kichwa kimekulaza au kukuzuia kazi, masomo au shughuli za nyumbani walau siku moja? Kikiuma, unasikia kichefuchefu? Kikiuma, mwanga unakukera kuliko siku nyingine? Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyapima maswali haya kwa wagonjwa wa kliniki wenye kuumwa kichwa: kati ya kila 100 waliojibu “ndiyo” mara mbili au zaidi, 93 walithibitika kuwa na kipandauso. Maswali haya hayachukui nafasi ya daktari. Lakini ukijibu “ndiyo” mara mbili, una sababu ya kwenda kumwona.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni ukalimani wa hospitalini, na kwa kazi hiyo nimekaa kwenye viti vingi, katikati ya mgonjwa na mtu wa koti jeupe. Naandika kwa ajili ya watu wangu wa miji hii miwili, Minneapolis na Saint Paul, na vitongoji vyake: Wakenya wa Brooklyn Park na Brooklyn Center, Watanzania, Wakongo waliopitia kambini, Wasomali waliojifunza Kiswahili Eastleigh na Dadaab, na watu wa Barawa ambao Chimwiini chao ni Kiswahili cha mababu. Tumelelewa kuvumilia. Uvumilivu umetufikisha mbali, siudharau, ila kwenye ugonjwa huu unatuumiza, kwa sababu kipandauso kinachovumiliwa kwa miaka huweza kuzidi na kugeuka cha kila siku.

Tuanze na wingi wake, maana wengi hudhani wako peke yao. Duniani kipandauso kinawashika watu wapatao bilioni 1, karibu mtu mmoja katika kila saba. Ukipanda Green Line, treni inayounganisha Minneapolis na Saint Paul, katika behewa lenye abiria 70 tarajia kumi hivi wanaoujua ugonjwa huu kwa miili yao. Hapa Marekani wanawake karibu 18 katika kila 100 wanao, na wanaume 6. Nimesikia ikisemwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Haydom, kaskazini mwa Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiwahoji watu zaidi ya 7,000 wakakuta karibu 4 katika kila 100. Ethiopia utafiti mwingine ulipata karibu 18 katika 100, na Zambia karibu 23. Namba zinatofautiana sana, na namna ya kuuliza ina mkono wake hapo, lakini hakuna mahali walipotafuta wakakosa.

Wazee waliotuachia neno “kipandauso” walikuwa wameangalia vizuri. Wayunani waliuita kwa jina la nusu ya kichwa, na kutoka huko ndiko lugha za Ulaya zilikopata jina lao. Sisi tukasema maumivu yanaupanda uso. Sayansi ya leo inaelekeza palepale: kwenye neva kubwa ya uso, ile inayoleta hisia kutoka kipaji, jicho, shavu na taya. Shambulio likianza, ncha za neva hiyo humwaga kemikali, na mojawapo inaitwa CGRP. Kemikali hiyo huamsha maumivu kwenye utando unaoufunika ubongo, na ubongo wenyewe unakuwa mkali kwa kila kinachouingia. Ndipo mwanga wa kawaida unachoma, sauti ya sufuria inapasua, na harufu ya kitunguu inakutapisha. Kupanda ngazi kunazidisha. Mtu hataki ila chumba cha giza na kimya.

Kwa kati ya robo na theluthi ya wenye kipandauso, maumivu hutanguliwa na ishara iitwayo aura. Unaona nyota zinazometa, au mstari wa kona kona unaong'aa ukisogea taratibu, au sehemu ya unachokitazama inatoweka. Wengine ganzi huanzia vidoleni ikapanda hadi mdomoni, wengine maneno yanakataa kutoka. Hudumu dakika 5 hadi 60 kisha hupita. Mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão alieleza wimbi la umeme linalotambaa polepole juu ya ganda la ubongo, milimita chache kwa dakika, na wimbi la namna hiyo ndilo linalodhaniwa kuleta vimulimuli hivyo. Nalitaja kwa makusudi. Nimekutana na watu, hasa kina dada, walioambiwa wana jini kwa sababu ya kuona mwanga usioonwa na wengine, wakapelekwa huku na huko kwa miaka. Dua siikatai, nami naomba. Lakini usiache kumpeleka mgonjwa kwa daktari kwa kudhani hakuna dawa ya kitu asichokiona mtu mwingine.

Nani yuko hatarini zaidi? Kwanza aliyerithi. Mzazi mmoja akiwa nacho, mtoto ana uwezekano wa karibu nusu kwa nusu, kwa hiyo muulize mama au shangazi yako aliyekuwa akijifunga kitambaa kipajini na kulala mchana mlango umefungwa. Kisha mwanamke, kuanzia balehe, kwa ajili ya homoni. Kisha umri wa kazi na malezi, zaidi miaka ya 30. Mtoto naye anaweza kuwa nacho; wakati mwingine huja kama tumbo na kutapika kuliko kichwa, na nyumbani anaambiwa anadeka. Unene, sonona, wasiwasi, kukoroma kwa kukosa hewa usingizini na kuumia kichwa huongeza uwezekano wa kipandauso cha mara moja moja kugeuka cha kila siku. Vivyo hivyo majeraha ya vita. Kituo cha Center for Victims of Torture, kilichoanza hapa Minnesota mwaka 1985 na ambacho kimefanya kazi Kenya pia, huhudumia watu waliopitia mateso, na kuumwa kichwa ni jambo la kawaida kabisa kwa watu kama hao. Kama ulitoka Goma au Mogadishu na kichwa hakijawahi kutulia tangu siku zile, mweleze daktari hiyo habari pia. Haina maana kwamba maumivu ni ya kufikirika. Mwili una kumbukumbu.

Urithi na homoni huwezi kuvibadilisha. Maisha tunayoishi hapa unaweza kuyagusa, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

La kwanza ni zamu. Wengi wetu tunahudumia wazee na wagonjwa kwenye nyumba za malezi, tunafungasha mizigo kwenye maghala, tunaendesha teksi za simu hadi alfajiri. Usiku mbili kazini, usiku wa tatu unalala, kisha dabo Jumamosi. Ubongo wenye kipandauso unapenda utaratibu kuliko kitu chochote: saa ileile ya kulala, saa ileile ya kula. Kama zamu ya usiku haikwepeki, afadhali usiku mfululizo kuliko kuruka huku na huku. Na ukitoka kazini asubuhi, jua juu ya theluji, vaa miwani ya jua kabla hujafungua mlango. Pazia zito la chumbani ni fedha iliyotumika vizuri.

La pili ni njaa. Nimewasikia wengi wakiniambia: asubuhi chai ya rangi tu, mchana hakuna nafasi, saa 11 jioni ndiyo sahani ya kwanza. Tumbo likikaa tupu muda mrefu, shambulio linapata mlango. Beba kitu mfukoni, hata karanga au ndizi. Na maji, hasa majira ya baridi, wakati hita inakausha hewa ya nyumba nasi hatusikii kiu kwa sababu hatutoki jasho.

Kahawa na chai nazo zina hesabu yake. Kafeini kidogo husaidia maumivu, ndiyo maana imo kwenye Panadol Extra na Excedrin. Lakini aliyezoea vikombe vitano akivikosa siku moja, kichwa kitauma. Asiache ghafla. Apunguze kikombe kimoja kila siku chache hadi abaki na kimoja au viwili, kwa saa zilezile. Hili linatugusa zaidi kwenye Ramadhani. Siku za mwanzo za mfungo kichwa huuma wengi, na madaktari wameliandika jambo hilo: sababu kubwa ni kukosa kafeini, kukosa usingizi na tumbo tupu. Anza kupunguza kahawa wiki mbili kabla ya mwezi kuandama. Usiliruke daku. Dawa ya kila siku ya kuzuia mashambulio mara nyingi inaweza kuhamishiwa futari au daku, ila mpange hivyo na daktari kabla ya Ramadhani, si siku ya kwanza. Miaka hii mfungo umeangukia majira ya baridi, siku za Minnesota ni fupi, na huo ni wepesi. Hata hivyo, mgonjwa amepewa ruhusa ya kufungua na kulipa. Ongea na sheikh wako ukiwa umeshaongea na daktari.

Na harufu. Tunapenda udi na ubani, na wenzetu Wasomali wana uunsi wao. Tanga dirisha liko wazi na upepo wa bahari unapita. Hapa, mwezi Februari, nyumba imezibwa kila upenyo, na moshi wa kijiko kimoja cha udi unakaa chumbani mpaka kesho. Kama mkeo au mama mkwe wako anakimbilia chumbani kila unapofukiza, si dharau. Fukiza siku hayupo, au acha.

Hali ya hewa watu huilaumu sana, na huku inabadilika kwa kasi. Wagonjwa wengi husema wanaisikia dhoruba kabla haijafika. Tafiti hazikubaliani kuhusu hilo, na huwezi kuizuia dhoruba, basi nisiseme zaidi.

Sasa hesabu. Tafuta kalenda ya karatasi, ile inayogawiwa dukani inatosha, uitundike jikoni. Siku kichwa kimeuma, weka alama. Siku umemeza dawa yoyote ya maumivu, weka alama nyingine. Kama umepata hedhi, au umetoka zamu ya usiku, au umeshinda bila kula, andika neno moja. Basi. Usiandike vidonge vingapi tu, andika siku ngapi, maana siku ndizo zinazoamua mambo mawili makubwa.

La kwanza ni hili, na naomba ulisome mara mbili. Dawa ya maumivu ikitumika siku nyingi mno yenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Kwa paracetamoli, ibuprofeni na jamii yake, mpaka ni siku 15 kwa mwezi. Kwa triptani (dawa za kipandauso nitakazozieleza mbele), kwa vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini, na kwa dawa za jamii ya afyuni, mpaka ni siku 10. Ukivuka mpaka huo kwa zaidi ya miezi 3, unaamka na kichwa, unameza, kinapoa, kesho unaamka nacho. Nimekaa na mama aliyekuwa anatembea na chupa ya vidonge 200 ndani ya mkoba kama wengine wanavyobeba tasbihi au rozari. Hakuwa mlevi wa dawa. Alikuwa anataka kufika kazini. Kutoka kwenye mtego huo kunawezekana, lakini wiki za kwanza maumivu hupanda kabla ya kushuka, kwa hiyo kufanyike chini ya uangalizi wa daktari.

Hapo nieleze kitu kinachowachanganya wageni. Tylenol unayoiona kwenye rafu za maduka ya huku ni Panadol ileile ya nyumbani. Wamarekani wanaiita asetaminofeni, sisi paracetamoli. Imo pia kwenye Excedrin na kwenye dawa nyingi za mafua. Anayemeza Tylenol, kisha Panadol aliyoletewa na mgeni kutoka Nairobi, kisha dawa ya mafua usiku, amemeza dawa moja mara tatu, na mtu mzima akizidisha gramu 4 kwa siku ini linaweza kuharibika. Advil ni ibuprofeni, Aleve ni naproksini. Hizi ni ndugu, usizichanganye, na mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu aulize kwanza.

Jambo la pili linaloamuliwa na hesabu ya siku ni aina ya matibabu. Yako mafungu mawili: dawa za kulizima shambulio na dawa za kulizuia lisije. Za kuzima zina kanuni moja inayovunjwa kila siku na watu wavumilivu: meza mapema. Tunasubiri tuone kama kitapoa, na tukija kumeza, tumbo limeshasimama na dawa haipiti. Kwa shambulio jepesi ibuprofeni au naproksini kwa kipimo cha kutosha, pamoja na dawa ya kichefuchefu, huweza kutosha. Isipotosha, omba triptani. Sumatriptani, ya kwanza katika jamii hiyo, ilianza kama sindano na ikaidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1992. Leo vidonge vyake vipo kwa bei nafuu, na kuna ya kupuliza puani kwa anayetapika. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye presha isiyotulia asiitumie. Kwa huyo kuna dawa mpya zaidi, ziitwazo gepanti, zilizoanza kuidhinishwa mwishoni mwa 2019. Shambulio la siku nyingi lisilosikia kitu hutibiwa hospitalini, mara nyingine kwa dihidroergotamini, dawa iliyojaribiwa kwa kipandauso na Bayard Horton na wenzake Mayo Clinic mwaka 1945, hapo Rochester, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu.

Ukiwa na siku 4 au zaidi za kichwa kwa mwezi, au siku chache zinazokuangusha kabisa, uliza kuhusu dawa za kuzuia. Za zamani zilitengenezwa kwa magonjwa mengine: propranololi ya presha, amitriptilini ya sonona, topiramati ya kifafa. Usishtuke ukisoma karatasi ukaona “kifafa”, hujabadilishiwa ugonjwa. Zipe wiki 8 hivi kabla ya kuzihukumu. Mwaka 2018 zikaja sindano za kila mwezi zilizobuniwa kwa ajili ya kipandauso hasa, za kuizuia ile CGRP, na mwaka 2024 chama cha madaktari wa kichwa cha Marekani kikasema zihesabiwe miongoni mwa dawa za kuanza nazo, mgonjwa asilazimishwe kushindwa na nyingine kwanza. Ni ghali, na kampuni za bima bado hutaka maelezo marefu. Hapo kalenda yako ya jikoni inakuwa ushahidi. Kwa anayeumwa siku 15 au zaidi kila mwezi ipo pia Botox, sindano ndogo 31 kichwani na shingoni kila wiki 12. Wengine hupata nafuu kwa magnesiamu na vitamini B2 ya miligramu 400 kwa siku. Mwambie daktari kabla ya kuanza.

Dada zangu, nina neno lenu peke yenu. Kama una aura, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni havikufai, kwa sababu vinaongeza hatari ya kiharusi. Njia nyingine zipo nyingi. Mwambie anayekuandikia kuhusu vile vimulimuli, hata asipokuuliza. Kama kichwa huja siku mbili kabla ya hedhi, kinaweza kuzuiwa kwa dawa ya siku chache tu. Kama unatarajia kushika mimba, sema mapema. Dawa za valproeti na topiramati zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na kichwa kikali kikikupata baada ya wiki ya 20 ya mimba, au katika wiki za mwanzo baada ya kujifungua, usijitibu. Nenda siku hiyohiyo upimwe presha, kwa hofu ya kifafa cha mimba.

Kuna vichwa vingine ambavyo si vya kalenda, ni vya kupiga 911. Maumivu yaliyolipuka ghafla yakafika kilele ndani ya dakika moja. Kichwa chenye homa na shingo ngumu. Kichwa chenye mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kupotea, na hujawahi kuwa na aura. Kichwa baada ya kuanguka kwenye barafu, hasa kama unatumia dawa ya kulainisha damu. Kichwa kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50 kisipuuzwe pia, aone daktari haraka. Na kama umerudi kutoka Afrika Mashariki miezi ya karibuni ukapata kichwa na homa, hapo sasa malaria inarudi mezani. Nenda leo, na useme wazi ulikotoka, maana daktari wa hapa anaweza asiifikirie usipomtajia.

Moja zaidi, la baridi. Kichwa kikianza kuwauma wote nyumbani kwa pamoja, kikapoa mkitoka nje na kurudi mkiingia, hicho si kipandauso cha mtu yeyote. Inaweza kuwa kaboni monoksidi kutoka kwenye tanuri la kupasha nyumba, gesi isiyo na harufu wala rangi. Tokeni nje wote, pigeni 911 mkiwa huko. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha gesi hiyo ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala. Angalia kama chako kipo na betri inafanya kazi. Jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe, hata umeme ukikatika, hata dirisha likiwa wazi.

Kliniki zisizowaogopesha watu wa kipato kidogo zipo: People's Center pale Cedar-Riverside, NorthPoint kaskazini mwa Minneapolis, Minnesota Community Care kwa walio Saint Paul. Hutoza kulingana na kipato. Asiye na bima aombe kupitia MNsure, soko la bima la jimbo, aone kama anastahili Medical Assistance au MinnesotaCare. Kwa kazi, tangu Januari 1, 2024 sheria ya jimbo inampa mfanyakazi saa 1 ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 alizofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka, na kipandauso ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Usiseme “nilikuwa na dharura ya kifamilia.” Sema nilikuwa mgonjwa.

Ndani ya chumba cha daktari kuna swali ambalo nimeona likiwaponza watu wetu. Anauliza, kutoka 0 hadi 10 maumivu ni mangapi? Mgonjwa aliyetapika usiku kucha anajibu “tano,” kwa sababu amekaa kitini na hataki kulalamika, nami sina budi kutafsiri tano. Daktari anaandika tano, anatoa dawa ya tano. Usijibu kwa namba peke yake. Sema ulichoshindwa: “Mwezi uliopita nilikosa kazi siku 3, nilishindwa kumpikia mtoto siku 5, nilimeza dawa siku 14.” Kisha toa kalenda, uiweke juu ya meza yake.

Na unapopiga simu kuomba miadi, kitu cha kwanza omba mkalimani wa Kiswahili. Taja na unakotoka, maana Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa havilingani. Kliniki na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupatia, na wewe hulipi kitu. Usimkoseshe mtoto masomo aje kukutafsiria. Hajui neno “kipandauso,” na hapaswi kuwa yeye wa kulitafuta.